Tochi Kwenye Kichanja cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Tangu utotoni nikiona mlango umefungwa nafikiri kuna mgonjwa ndani, na nikiona umefunguliwa nafikiri mwizi ameshapita. Labda ndiyo sababu nilipenda tochi. Kazini ni karani wa shule ya sekondari hapa Kasongo, nagonga mihuri kwenye vyeti vya watoto wa watu. Nikirudi nyumbani nakaa barazani na bisibisi, nafungua, nasafisha, nalehemu, nafunga. Rafu yangu ina tochi ishirini na tatu. Kuna zile ndefu za bati walizokuwa nazo wenye maduka zamani, kuna za plastiki zinazopasuka ukizitazama vibaya, kuna moja ya kuzungusha mkono ambayo haijawahi kuwaka lakini moyo unakataa kuitupa. Mke wangu anaiita rafu hiyo makaburi.

Siko peke yangu katika ugonjwa huu. Tuko kumi na wawili kwenye kikundi cha simu, wa Bukavu, wa Uvira, mmoja wa Kigoma ng'ambo ya ziwa. Hatujawahi kuonana. Tunatumiana picha za mwanga ulioangukia ukutani, tunabishana siku tatu kama mwanga wa manjano unapendeza kuliko mweupe, na mtu akipata kioo cha nyuma kisicho na mkwaruzo tunampongeza kama amepata mtoto.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, wa Kigoma akauliza: miaka hamsini ijayo, tochi itakuwepo? Swali hilo lilininyima raha. Mmoja akajibu kwamba tochi imeshakufa, simu imeimeza, sisi tunalinda maiti. Mwingine akasema watu watavaa mwanga kwenye miwani. Wa Uvira akasema tochi zitakuwepo, ila hakuna atakayeweza kuzifungua. Zitakuja zimezibwa kama yai, zikifa zitatupwa, na watu kama sisi hatutakuwa na kazi. Huyo ndiye aliyenichoma, kwa sababu nilijua anasema kweli. Zile zinazokuja sasa sokoni hazina hata skrubu moja.

Nikaandika jibu refu. Nikasema kitakachokufa si tochi bali ni betri, haya mabuye tunayonunua kila wiki na kuyatupa kila wiki. Tochi ya kesho, nikasema, mtu atapewa mara moja, ataichaji kwa jua, na haitamsumbua mpaka siku ya kuzikwa. Walinipigia makofi kwa vidole vya simu. Nikavimba kichwa. Nikaamua kuitengeneza hiyo tochi ya kesho kwa mikono yangu na kumpelekea baba mkwe.

Baba mkwe na mama mkwe wanakaa Wamaza, katika eneo la Kabambare. Ni wakulima. Mzee alishanipa tochi yake ya zamani, ya bati, ya mabuye matatu, iliyokufa zamani. Alisema niifanyie mazishi. Nikachukua mwili huo huo. Ndani nikaweka taa mpya ya LED, na mahali pa mabuye nikaweka betri mbili za lithiamu nilizozitoa kwenye kompyuta iliyoharibika ya ofisi yetu. Nilizipima wiki nzima. Nikaunga waya wa kuchajia na kipande cha sola cha ukubwa wa daftari. Ilikuwa inawaka vizuri mno. Halafu nikafikiria wajukuu wa pale kwao, ambao hata redio waliifungua kutafuta watu waliomo ndani, nikaona bora niizibe. Nikaifunga kwa gundi ngumu pande zote. Mimi niliyewalaani wanaoziba tochi nikaiziba ya kwangu, na sikuona aibu.

Niliipeleka mwenyewe wakati wa kiangazi. Mzee alikaa nayo magotini kama amepewa mtoto mchanga. Nilimwonyesha kifungo, nilimwonyesha jinsi ya kuweka sola juu ya paa, nilimwambia asiitumbukize majini. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo.

Hapo lazima nieleze. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hatutazamani usoni. Hatuli mahali pamoja. Jiko lake silikanyagi, hata kama mvua inanyesha na paa la jiko ndilo la karibu. Tukiwa na jambo la kuambiana, tunampitishia mtu wa katikati, na kama hakuna mtu tunaongea na kuku: mimi namwambia kuku, kuku hajibu, mama mkwe naye anamjibu kuku. Nimeoa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia mama yule neno moja ana kwa ana, wala yeye kuniambia mimi. Kwetu mjini watu wanacheka nikisimulia, lakini mimi sikuwahi kuona shida. Kwa mtu mwenye wasiwasi, ni nafuu kujua mapema nani huongei naye.

Mvua zikaanza. Siku moja ya Ijumaa mke wangu alikuwa anamenya mihogo uani, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Kila Ijumaa baba yake anapanda kilima kutafuta mtandao, wanasalimiana, halafu mzee anazima simu mpaka wiki nyingine ili asimalize chaji. Alipomaliza aliniambia huku anacheka:

"Baba anakusalimia. Anasema tochi imechoka juu ya hii mvua, jua hakuna. Lakini dawa yake anaijua. Iko inalala juu ya moto pamoja na samaki."

"Juu ya moto wapi?"

"Ku kichanja, mu jiko ya mama. Ulitaka ilale wapi, ku kitanda?"

Bisibisi ilinidondoka.

Msomaji aliyekulia mahali pengine huenda asielewe. Huku kwetu mabuye yakichoka hayatupwi siku hiyo. Yanapewa joto. Bibi yangu alikuwa anayaanika juu ya bati pamoja na mchicha. Wengine wanayapanga pembeni mwa makaa. Wamaza wanayaweka kwenye kichanja, lile jukwaa la fito juu ya moto wa jiko ambapo samaki na mahindi ya mbegu hukaushwa. Na ni kweli, mabuye ya zamani yakipata joto yanaamka kidogo, unapata siku mbili tatu zaidi. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe nilitumwa mara ngapi kuyageuza ili yaive pande zote. Lakini betri ya lithiamu haina utani huo. Ikipata joto inavimba, inatoa mvuke, na ikichachamaa inalipuka moto mkali ambao ndoo moja ya maji haiuwezi. Hayo niliyajua. Niliyasoma, nikawaandikia wenzangu kwenye kikundi, nikawaonya wasiache betri hata kwenye dirisha lenye jua. Na sikumwambia mzee. Wakati nakabidhi tochi ile mawazo yangu yote yalikuwa kwenye maji.

Jiko la mama mkwe ni la nyasi. Moto wake hauzimiki toka asubuhi mpaka jioni, na yeye yumo ndani, kichwa chake kiko chini ya kile kichanja kila anapoinama kupuliza.

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamtafuta mfanyabiashara mmoja wa Kabambare mwenye duka la chumvi na sabuni; akapokea, akasikiliza, akasema ujumbe ataupeleka siku ya soko akipata mtu wa njia hiyo. Nikamuuliza soko ni lini. Akasema Jumatano, kama barabara itapitika. Nikakata. Mke wangu nilimwambia tu kwamba joto litaharibu tochi. Sikumwambia joto litamfanya nini mama yake. Niliogopa atalia, na akilia mimi sitaweza hata kufunga mkoba.

Asubuhi niliomba ruhusa shuleni nikapanda pikipiki. Safari hiyo ni ya siku mbili wakati wa mvua. Motari, mwendeshaji wangu, alikuwa mtu wa maneno, na kila tulipoteremka kusukuma kwenye tope alinichungulia usoni.

"Mukubwa, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi twende pole. Haraka haraka haina baraka."

Nilitaka kumpiga ngumi ya mgongo. Nikamwambia nimesahau kitu kwa wakwe. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba, akasema katika miaka yake yote ya barabara ameona watu wakikimbilia dhahabu ya Salamabila, wakikimbilia mazishi, wakikimbia wanawake, lakini hajaona mtu akikimbilia kitu alichosahau kwa wakwe.

Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri nyuma ya mgongo wake, na kufikiri kwangu si dawa. Nilikuwa naona jiko likiwaka. Kisha naliona haliwaki bado, ila litawaka tukichelewa kwenye tope hili hapa. Kisha nakumbuka jibu langu refu kwenye kikundi, na masikio yananiwaka moto. Tochi ambayo haitamsumbua mtu mpaka siku ya kuzikwa. Nani aliniamrisha kuandika hivyo? Nilikuwa nimeongea habari za miaka hamsini ijayo na sikuangalia miezi mitatu. Sisi wapenda tochi tunajadili mwanga, umbali, uzito, rangi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza usiku ikizima mwenye nayo ataiweka wapi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tulilala Kabambare dukani kwa yule yule mwenye chumvi, juu ya magunia, na sikufumba jicho.

Tulifika Wamaza siku ya pili alasiri. Kwa mbali niliona moshi unatoka kwenye nyasi za paa la jiko, nikapiga kelele, halafu nikaona ni moshi wa kawaida wa jiko. Motari aliniacha barabarani akaenda kutafuta chakula. Nikaingia uani.

Mzee hakuwepo. Watoto hawakuwepo. Mama mkwe alikuwa peke yake mbele ya mlango wa jiko, anabangua karanga. Aliponiona aligeuka upande, akavuta kitenge kichwani. Mimi nami nikageuka. Tukabaki hivyo, migongo miwili, na katikati yetu kuku mmoja mwekundu anaokota maganda.

"Kuku," nikasema, "habari ya hapa?"

"Kuku, mwambie mugeni habari ni nzuri. Baba iko mu shamba. Atarudi jua ikishuka."

"Kuku, mimi sikukuja kwa baba. Nimekuja kwa ile tochi."

Nikasikia ameacha kubangua. Nadhani alikuwa anajaribu kuelewa ni mtu gani anayetoka Kasongo kwenye mvua kwa ajili ya tochi.

"Tochi iko mu jiko, iko inapata moto. Leo ni siku ya tatu. Mwambie mugeni akae, nitamutolea."

Nikasikia anasimama, anakung'uta maganda kwenye kitenge. Nilitaka kushukuru, halafu nikahesabu. Siku tatu juu ya moto. Ataingia, atanyoosha mkono juu, ataishika tochi kifuani kama anavyoshika kila kitu, na kama imebakiza pumzi moja ndiyo hiyo itatoka. Nilikuwa nimekuja siku mbili kumwokoa, na sasa nilikuwa namtuma yeye mwenyewe akailete.

"Hapana, mama," nikasema. "Simama hapo hapo. Usiingie."

Sikumpitishia kuku. Alisimama kama amepigwa.

Nilimpita mlangoni, bega langu karibu liguse lake, nikainama nikaingia. Sijui nieleze vipi aibu ile. Ningeingia chumbani kwa watu uchi isingekuwa mbaya zaidi. Nikaona mkeka wake, vyungu vyake vimepangwa kwa ukubwa, kanga yake ya zamani kwenye msumari. Moto ulikuwa unawaka taratibu chini. Juu, kati ya samaki, ilikuwepo tochi. Palikuwa na harufu ya moshi na samaki, na chini yake harufu nyingine, tamu tamu, kama rangi ya kucha. Harufu hiyo naijua, ni ya betri inayovuja. Nilivua koti, nikaizungushia, hata hivyo joto likapita mpaka viganjani. Nikatoka nayo nimeinyoosha mbele, nikavuka ua, nikaiweka chini kwenye udongo mtupu nyuma ya shimo la takataka, nikarudi nyuma hatua arobaini, nikachuchumaa.

Nikangoja ilipuke.

Haikulipuka. Mbuzi alikuja kuinusa nikamfukuza kwa mawe. Jua likashuka. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya jiko lake mwenyewe, mikono kichwani, haingii. Moto ndani ulikuwa unakufa na hakuupuliza. Mimi ninakiri kwamba kuna dakika niliomba tochi ile ilipuke, ili nisionekane mwendawazimu.

Hivyo ndivyo mzee alivyotukuta. Alikuwa na jembe begani na fungu la sombe, majani ya mihogo ya mboga. Akamwangalia mke wake, akaniangalia mimi, akaangalia nilikokuwa naangalia. Kabla sijasimama vizuri alishafika pale, akainama, akaiokota, akabonyeza. Ikawaka. Iliwaka vizuri kuliko siku niliyompa.

"Unaona," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Imepona. Ulikuwa na wasiwasi ya nini?"

"Baba, iweke chini. Nakuomba."

Aliiweka, kwa sababu ya sauti yangu. Nikamwambia yote, pale pale nimesimama: kwamba haya si mabuye ya zamani, kwamba moto unayatia wazimu, kwamba nilijua na sikumwambia. Alisikiliza. Kisha akauliza swali nililokuwa nalingoja.

"Umeingia mu jiko ya mama yako?"

"Nimeingia, baba."

"Juu ya tochi."

"Kwa ajili ya mama."

Tochi ilipopoa kabisa nilikata gundi kwa kisu, mzee nimemsimamisha mbali. Ngozi ya betri ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu. Moja ilikuwa bado nzima. Ya pili ilikuwa imepasuka kwenye kichwa, inatoa unyevu, na ile harufu tamu ikatujia wote wawili. Mzee akakunja pua. Akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Ulinionyesha kifungo," akasema. "Ulinionyesha kioo ya jua. Ulisema maji hapana. Hii hukusema."

"Nilisahau."

"Ulisahau nini? Wewe ulikulia mu jiko gani, yenye haina kichanja?"

Angenitukana ningepumua. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua mtu anasahau vipi kitu ambacho bibi yake alimfundisha kabla ya kusoma. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya tochi, kisha kwa ajili ya jiko. Akasema la tochi limekwisha. La jiko si lake.

Mama mkwe alikuwa amesogea. Hatukumsikia. Alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu, kitenge kimeshuka mabegani, ananitazama usoni. Miaka kumi na mmoja sikujua kwamba mke wangu ana macho ya mama yake. Nikainamisha kichwa. Kuku hakuwepo karibu.

"Juu ya nini hukuniambia mimi?" akasema. "Moto ni yangu."

Mzee alikohoa, akageuka kuangalia mihogo.

Ni kweli. Kile kichanja anakipanga yeye, samaki anageuza yeye, mabuye ya ua mzima yanapita mikononi mwake. Mzee alikuwa na kifungo tu. Onyo langu lilikuwa na mtu mmoja wa kupewa katika nyumba ile, na huyo ndiye mtu mmoja nisiyeongea naye. Hata ningekumbuka siku ile ya kiangazi, ningemwambia mzee, na mzee angesahau kabla ya kufika jikoni. Nikamwambia, nikiangalia miguu yake, kwamba amesema kweli na kwamba nimemkosea mara mbili.

Alikubali kwa kichwa. Kisha akachuchumaa karibu na ile betri iliyopasuka, akainusa polepole mpaka akaridhika kwamba akikutana nayo tena ataijua. Akauliza moto wa mbali kidogo je, jua je, ikianguka je, na mimi nikamjibu moja moja, na hakuna mtu kwenye kikundi aliyewahi kuniuliza maswali mazuri kama yale. Alipomaliza akasimama, akajifuta mikono.

"Na ile zingine?"

"Zingine zipi, mama?"

"Tochi. Mutu wa kutengeneza tochi hatengenezi moja."

Nilikuwa nimetengeneza nyingine tatu, kwa mtindo ule ule, zimezibwa kwa gundi ile ile. Nikamwambia. Moja iko Kabambare, mbili ziko Salamabila. Nikamtajia wanaume watatu niliowapa, na vijiji vyao.

"Hao ni wenye kuishika," akasema. "Mu jiko yao kuna nani?"

Nikatafuta majina ya wake zao. Sikumjua hata mmoja.